Jicho Lililokataa Kulala

Mliponiacha nilikuwa chali kwenye kitanda cha gesti nyuma ya stendi ya Geita, uso umepakwa dawa ya njano, na mtu aliyejiita Daktari Sostenes ameinama juu yangu na kiwembe mkononi.

Kwa anayeanza nami leo: mimi ni Eufrasia, wengi huniita Mama Vumilia, nauza vitenge sokoni Geita. Mume wangu Donatus ana duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, kule Rwamgasa. Kope yangu ya kushoto nilizaliwa nayo nzito kuliko ya kulia, na umri ulivyosogea ikazidi kushuka, nikawa naonekana kama mtu aliyekesha msibani.

Donatus aliishi na jicho hilo vizuri tu alipokuwa kibarua kwenye karasha la watu la kusagia mawe, anameza vumbi kutwa nzima. Alipopata duara lake mwenyewe, akaanza kuona aibu.

"Mke wa mwenye duara hawezi kuwatazama wageni kama anasinzia," aliniambia.

Yeye ndiye aliyemleta Sostenes. Mimi ndiye niliyekubali. Kichwa kilikuwa changu na nilikilaza mwenyewe kwenye ule mto.

Basi akakata.

Ganzi haikushika sawasawa. Nilisikia ngozi inavyokwenda, kama fundi anapunguza shingo ya gauni. Sostenes alikuwa anapiga mluzi. Alipomaliza jicho la kulia, akarudi nyuma kidogo, akatazama kazi yake, akahamia kushoto.

"Huku nitatoa zaidi. Huku ndiko kulikolala."

"Usitoe nyingi," nilisema.

"Mama, daktari ni mimi au ni wewe?"

Mtu akishavaa koti jeupe, ukimuuliza swali la pili unaonekana mshamba. Ndivyo wengi wetu tunavyozikwa.

Bandeji zilipotoka, Donatus alisimama mbele yangu na mikono kiunoni, kama anayekagua gari kabla ya kulinunua. Macho yalikuwa makubwa, tena yamelingana. Uvimbe ulikuwa bado, lakini yalilingana.

"Sasa umeamka," alisema.

Siku hiyo alipiga picha na mimi. Kabla ya hapo, kwenye picha zake nilikuwa natokea bega, au mkono umeshika sinia. Sasa aliniweka katikati, akatuma kwa marafiki zake wote wanunuzi wa dhahabu, akakaa anasoma majibu yao na kucheka peke yake.

Nami nilifurahi. Nilikwenda sokoni bila miwani ya jua. Jirani yangu wa kibanda, Hosiana, ambaye hajui kusifia bila kuharibu, alinitazama kwa muda.

"Umependeza, Mama Vumilia. Ila unafanana na mtu aliyepewa habari."

"Habari gani?"

"Sijui. Ya kushtua tu."

Nilimwona ana wivu. Laiti ungekuwa wivu.

Jumapili nilirudi kanisani nimechoka, nikajilaza kwenye kochi. Usingizi ulikuwa mzito. Kilichoniamsha ni sauti ya binti yangu.

"Mama, unanisikia?"

"Nilikuwa nimelala, Vumilia."

"Mbona ulikuwa unanitazama?"

Nyuma yake alisimama baba yake. Rangi ilikuwa imemwisha usoni. Alichukua funguo za gari na koti lake, na jioni nikapata taarifa kwamba amehamia gesti.

Hebu mpimeni mwanamume huyo. Alitaka nisisinzie. Nilipoacha kusinzia, akakimbia.

Asubuhi nikamwendea Sostenes.

"Fumba macho," aliniambia.

Nikafumba. La kulia likafunga. La kushoto likabaki na ufa, na weupe unaonekana, kama mlango wa kibanda uliopinda.

"Hiyo itanyooka. Ngozi ni kama raba, ukiiacha inavutika."

"Na nikilala nifanyeje?"

"Funika na leso."

Hakuwa na aibu hata kidogo. Nilitumia leso. Jicho likawa jekundu, likatoa machozi bila kilio, na kila upepo ukipita nilihisi mchanga umeingia. Niliporudi tena pale gesti, chumba cha Sostenes kilikuwa kimefungwa na dada wa mapokezi alikuwa anaanika mashuka.

"Daktari yuko wapi?" nilimuuliza.

"Yule wa meno? Amerudi kwao Runzewe."

"Wa meno?"

"Si huwa anang'oa meno kwenye minada? Hapa alijaribu macho, akaona yana maneno mengi."

Macho yangu, niliyopewa na Mungu bila kuombwa shukrani, nilikuwa nimempa mng'oa meno wa mnadani, tena nilimkaribisha soda.

Nilidhani huo ndio mwisho wa aibu. Kumbe mume wangu alikuwa bado hajachangia vizuri.

Alirudi mwenyewe, na nyama kwenye mfuko na sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu uchumba.

"Mama Vumilia, duara limekubali. Mshipa wa dhahabu umeonekana, mnene, unang'aa. Twende ukaone mali yako."

Mali yangu. Nilivaa kitenge kizuri. Nilijiambia mwanamume amejirudi.

Kule Rwamgasa alikuwa amenitengea kiti karibu kabisa na mdomo wa shimo, chini ya turubai la bluu. Nikakaa. Wachimbaji wa zamu wakaanza kupita mbele yangu, mmoja mmoja, kabla ya kushuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Waliniamkia hata watu wenye mvi, ambao mimi ndiye ningepaswa kuwaamkia. Kila mmoja aliniangalia jicho la kushoto, akainamisha kichwa, akashuka. Nilijisikia malkia. Mjinga akitengewa kiti huwa hasahau kukaa.

Wa mwisho alikuwa mdogo wangu, Bujiku, ambaye alifanya kazi kwenye duara la shemeji yake. Yeye hakuniamkia. Alichuchumaa karibu na kiti.

"Dada, unajua kwa nini umekalishwa hapa?"

"Shemeji yako kanileta nione kazi."

"Umeletwa uonwe. Amewaambia watu ni ndagu. Kwamba mganga ameutoa usingizi wa jicho lako moja, ukawekwa shimoni, ili dhahabu isihame. Ukiwa unatazama, udongo haushuki, duara halifungi na mshipa haupotei."

Nilicheka. Bujiku hakucheka.

"Ilianza kama umbea," alisema. "Watu walisikia unalala macho wazi. Wiki ileile mshipa ukatokea. Yeye akaukuta umbea umeiva, akauvuna."

Ndagu ni masharti ya utajiri, yale ya mtu kutoa kitu chake cha mwilini au cha nyumbani ili apate mali. Nimekulia Usukuma, nimezisikia tangu utoto, na sijawahi kumwona tajiri wake hata mmoja aliyetajirika bila kuwapunja watu. Ila sikuwahi kufikiri kwamba kitu cha nyumbani kitakachotolewa kitakuwa mimi.

Nilimkabili Donatus ndani ya gari.

"Hayo uliyowaambia watu, unayaamini?"

"Mimi ni Mkristo."

"Sikukuuliza dini."

Alicheka kidogo, kwa kujipenda. "Si lazima niamini mimi. Wanaamini wanaoshuka. Mtu akiamini analindwa hasumbui. Haombi magogo ya kushikilia kuta, haombi kofia, hagomi mvua ikinyesha. Anachimba."

Alilisema hilo kama mtu aliyegundua dawa.

"Basi nipeleke Mwanza kwa daktari wa kweli. Jicho linauma."

"Mshipa ukiisha."

"Donatus, naona ukungu."

"Vumilia kidogo. Kila kizuri kina maumivu yake."

Maumivu yalikuwa yangu na kizuri kilikuwa chake, lakini hilo hakuliona.

Tena sikilizeni kilichomtokea. Mtu akirudia uongo wake kila asubuhi mbele ya watu wanaoinama, mwisho huinama naye. Donatus alianza kunipigia simu kutoka duarani: "Halijafumba?" Akirudi nyumbani alinichungulia nikiwa nimejilaza, na akiona ufa upo, anashusha pumzi. Siku moja aliikuta leso niliyokuwa nafunikia jicho, akaitia kwenye jiko la mkaa mbele ya mtoto.

"Usilizibe," alisema. "Unataka kutuua njaa?"

Mkristo huyo.

Nikaendelea kuuza vitenge huku upande mmoja wa dunia unazidi kuwa maziwa, na jicho la kulia nalo linatoa machozi kwa kumlilia mwenzake. Kisha mteja mmoja, mwalimu, alirudisha doti niliyomuuzia. Nilikuwa nimempa vipande viwili visivyofanana, kimoja cha kijani na kingine cha bluu, na nilikuwa nimemhakikishia ni pea.

Hosiana alivichukua vile vipande, akavitazama, akanitazama mimi.

"Wewe huoni," alisema.

"Naona."

"Hiki ni rangi gani?"

Nikakishika, nikakisogeza kwenye mwanga.

"Kesho tunakwenda Mwanza. Mwambie mumeo unafuata mzigo."

Nilimwambia nafuata mzigo. Akaniuliza nitarudi lini, kwa sababu zamu ya jioni hupenda kuniona.

Daktari wa macho huko Mwanza alikuwa mama mmoja mfupi aitwaye Agnetha, asiyetabasamu. Aliniinamisha kwenye mashine yake ya taa, akatazama kwa muda mrefu, akakaa.

"Nani alikukata?"

"Daktari mmoja wa Geita."

"Daktari wa nini?"

Hosiana alijibu kabla yangu. "Wa meno. Wa mnadani."

Daktari Agnetha aliweka kalamu mezani.

"Mama, kope yako ilikuwa nzito kwa sababu ya msuli. Msuli unatengenezwa, na wewe ungelala vizuri tu. Yeye hakugusa msuli. Alikata ngozi mpaka kope haitoshi kufunika. Kulikuwa na haraka gani? Ulikuwa unapoteza nini kwa kuwa na kope nzito?"

"Mume."

"Na sasa umempata?"



Akanieleza. Kioo cha jicho kilikuwa kimekauka na kufanya kidonda, na kidonda kimeingia ndani. Angenishona kope mbili zishikane, jicho lifunikwe mpaka kidonda kipone. Baadaye angechukua ngozi nyuma ya sikio na kuipandikiza pale palipokatwa.

"Nyuzi zangu haziguswi," alisema. "Si kwa kujikuna, si kwa kioo, si kwa udadisi. Kidonda kimebakiza utando. Ukilifumbua hilo jicho kabla ya wakati, utando unatoboka, na hapo sina cha kukusaidia. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, daktari."

Akanishona siku hiyohiyo. Mara ya kwanza baada ya muda mrefu, jicho langu la kushoto likaonja giza. Sikujua giza linaweza kuwa tamu hivyo.

Nilimpigia Bujiku.

"Nimeshonwa. Toka kwenye hilo duara, mdogo wangu. Shemeji yako ameacha akili."

"Hata mimi nataka kutoka, dada. Huku mvua haikatiki, kuta zinamwagika udongo. Tulimwomba magogo tena. Unajua alivyojibu? Eti jicho la dada yako linatosha."

"Sasa waambie wenzako jicho limefumba."

"Nitawaambia. Waone kwamba hakuna chochote, waache kuogopa upuuzi, wadai magogo."

"Na wewe toka."

"Namalizia zamu ya kesho tu. Halafu nakuja kukuona."

Ni mimi niliyemwambia awaambie. Nilisema kwa raha. Baada ya hapo nikampigia Donatus pia, nikamwambia jicho limefungwa kwa uzi wa hospitali na halitafunguka kwa amri yake. Mvua ilisikika nyuma yake.

"Umeniua," alisema, akakata simu.

Nililala usingizi wa watu. Hosiana anasema nilikoroma.

Asubuhi tulikuwa tunakunywa uji wodini simu ikaita.

"Eufrasia."

Aliniita jina. Nikajua kuna jambo.

"Duara limefunga," Donatus alisema. "Udongo umeshuka."

"Nani yuko chini?"

"Mwambie daktari atoe hizo nyuzi."

"Donatus, nani yuko chini?"

"Atoe hizo nyuzi, nakuomba, nitakufanyia chochote." Alikuwa analia. Sijawahi kumsikia analia, hata alipomzika mama yake.

Nikasikia simu inachukuliwa. Sauti nyingine, nzito, ya Masudi, msimamizi wa zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bujiku yuko wapi?"

"Yuko chini na wenzake. Wazima. Wanagonga mwamba, tunawasikia."

"Sasa mnanipigia mimi simu badala ya kuchimba?"

Masudi alivuta pumzi. "Watu wamegoma kushuka, mama. Jana Bujiku aliwaambia umefumba jicho. Alfajiri hii akawacheka, akashuka na wenzake wachache. Duara limefunga naye ndani. Wanasema atakayeshuka sasa anamezwa."

"Na wewe unaamini hivyo?"

"Mimi nina sululu mkononi. Nimeanza. Lakini udongo ni mwingi, peke yangu sitawafikia."

"Zimamoto?"

"Wamekwama kwenye matope huku nyuma. Wanakuja, lakini maji yanaingia shimoni."

"Basi waambie nimelifumbua."

"Nimewaambia hivyo, mama. Wanataka kuona. Wanataka simu ya video."

Nikapiga ya video. Kwenye kioo cha simu nikaona turubai la bluu limeanguka, mvua, na wanaume wamejipanga, wengi, sepetu mikononi. Kiti changu kilikuwa bado pale. Donatus alikuwa amepiga magoti kando yake, ameshika mguu wa kiti kama mtu anayeshika madhabahu.

Niliongea nao. Niliwaambia yote. Kwamba mganga hakuwepo. Kwamba alikuwepo mng'oa meno wa Runzewe mwenye kiwembe, na mume mwenye aibu, na mimi mwenye kutaka sifa. Kwamba kuta zimeanguka kwa sababu hazina magogo. Niliwatukana kidogo, nakiri. Niliwaita watoto.

Hakuna aliyesogea.

Nikasogeza simu karibu, nikawatolea jicho la kulia, wazi kabisa. Mzee mmoja wa mbele, maji yanamtiririka usoni, alitikisa kichwa kwa adabu.

"La kushoto, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Watu wazima, wenye mikono ya kuvunja mawe, wamesimama juu ya wenzao wanaogonga, wanasubiri kope ya mwanamke. Sijawahi kuwadharau watu kama nilivyowadharau wale. Na sijawahi kuwahitaji watu kama nilivyowahitaji wale.

"Usithubutu," Hosiana alisema pembeni yangu. "Umesikia alichosema daktari. Usithubutu."

"Masudi," nilisema, "isogeze simu shimoni."

Akaisogeza. Mvua ilikuwa na kelele, lakini chini yake nikasikia. Jiwe juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayetwanga bila nguvu. Halafu likanyamaza. Nikasubiri. Likaanza tena, lakini sasa alikuwa anagonga mtu mmoja tu.

Muuguzi alikuwa kwenye kitanda cha jirani, anabadilisha bandeji ya mgonjwa, ametupa mgongo. Sinia lake lilikuwa kwenye meza kati yetu. Nikanyoosha mkono, nikachukua mkasi mdogo.

Nikampa Hosiana simu, nikamwambia aishike vizuri, isitikisike.